Mkono wa Nne

Sehemu ya 9

Turudi pale pale kwenye boneti, msomaji wangu, kabla maji hayajakauka.

Tulimwacha Binti Kioo ameinama, msasa mkononi, na maji yaliyokuwa yakichuruzika meupe kama maziwa yaliyozimuliwa yamegeuka ghafla kuwa mekundu.

"Damu!" Nyundo alipiga kelele. "Dada, umejikata!"

Binti Kioo alitazama vidole vyake, kimoja kimoja. Vyote kumi vilikuwepo. Vimekunjamana kwa maji, vimepauka, lakini vizima.

"Heri ingekuwa damu," alisema.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mzigo ulioachiwa na mchukuzi.

Wewe uliyejiunga nasi leo, sikiliza upesi. Gari likishapakwa rangi, juu yake hupulizwa vanishi isiyo na rangi, ile ambayo mafundi huiita kliya. Hiyo ndiyo inayong'aa. Ikikauka na vumbi ndani yake, au ikiwa imechuruzika na kuganda, yaani imelia machozi, au imejaa vinundu kama ganda la chungwa, fundi huchukua msasa laini, akaulowesha maji ya sabuni, akaisugua taratibu mpaka ilale. Kisha huipiga mashine ya polishi mpaka mwanga urudi. Maji yakiwa meupe, unasugua kliya. Yakichukua rangi ya gari, umeshapita, umeigusa rangi yenyewe. Na hapo hakuna polishi wala dua ya kukurudisha.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu. Na alama ilikuwa katikati ya boneti, kubwa kama ukucha wa dole gumba, imefubaa kama jicho la samaki wa juzi.

"Ulibandika tepu kingoni?" Nyundo aliuliza.

"Nilibandika."

"Na kwenye mkunjo wa boneti?"

"Nilibandika, Nyundo. Tazama mwenyewe."

Nyundo alitazama. Alikuwa fundi bodi, mnyoosha mabati wa gereji ile ile, mtu wa miaka arobaini na mitatu ambaye hajawahi kukutana na kimya akakiacha kizima. Tepu ilikuwepo. Kila palipo na ncha, mahali ambapo kliya huwa nyembamba na msasa hung'ata haraka, palikuwa pamefunikwa vizuri.

"Sasa pametobokaje katikati? Hapa ni tambarare! Hapa hata mimi na mikono yangu ya nyundo nisingetoboa."

"Sijui."

"Umesugua kama mtu anayeosha sufuria iliyoungua."

"Nimekwenda na kurudi mara kumi na mbili. Nilihesabu. Siku zote huwa nakwenda arobaini, na maji hayabadiliki."

Nyundo akaikodolea macho ile alama.

Saa ya ukutani ilionyesha saba kasoro robo mchana. Mzee Kioo aliondoka saa sita, kama kila siku, kwenda nyumbani kula na kupumzika. Angerudi saa nane. Saa kumi mwenye gari angekuja kulichukua.

Binti Kioo alifumba macho. Usingizi ukamjia pale pale, juu ya ndoo, kama mtu aliyekuwa akimvizia.

Alikuwa amechoka, msomaji. Si uchovu wa siku moja, ule unaokwisha kwa bakuli la maji ya moto na kitanda. Ulikuwa uchovu wa miezi saba.

Miezi saba iliyopita daktari wa macho alimwambia baba yake mbele yake: "Mzee, una presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Tukikufanyia upasuaji mapema, tutaokoa kilichobaki."

Na baba yake, ambaye zamani watu walichana nywele mbele ya milango aliyoipaka rangi, akasimama, akavaa kofia yake, akasema: "Siku kazi yangu itakapoharibika, ndiyo siku nitakayokuja."

Wiki ile ile kazi yake iliharibika.

Ilikuwa mlango wa teksi. Kliya imelia machozi matano, marefu kama mishumaa. Mzee alisimama mbele yake, akatabasamu, akasema, "Kioo, au sio kioo?" Akaenda zake kula. Na Binti Kioo, ambaye hajawahi kumwambia mtu mzima neno gumu, achilia mbali baba yake, akachukua msasa.

Mzee aliporudi saa nane mlango ulikuwa unang'aa.

Tangu siku ile ni magari kumi na moja. Kila siku, saa sita mpaka saa nane, Nyundo akilinda mlango. Binti Kioo alisugua machozi, akasugua vumbi, akasugua ganda la chungwa, akapiga polishi, akala amesimama. Na kila gari lililotoka likimetameta lilimpa baba yake sababu nyingine ya kutokwenda hospitali.

Alijua hivyo. Ndicho kilichomchosha zaidi ya msasa.

"Dada, nina wazo," Nyundo alisema.

"Usiseme ile rangi ya kucha ya mke wako."

"Ni nyekundu hii hii! Ile ile kabisa! Tone moja tu, unapuliza kwa mdomo..."

"Nyundo."

"Basi tumwambie aliyetoboa ni paka."

Binti Kioo alicheka, na kicheko kikamtoka vibaya, kikawa karibu na kilio. Akasimama ili ainame tena. Labda angeweza kulaza kingo za ile alama. Labda polishi ingepunguza. Labda...

Lango likalia.

Nyundo aliruka. "Shuka! Lete shuka!"

Shuka la kufunikia magari likarushwa juu ya boneti kama linalofunika maiti. Lakini aliyeingia hakuwa Mzee Kioo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, miwani shingoni kwa kamba, mkoba kwapani.

Mwenye gari! Saa tatu nzima kabla ya wakati wake!

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Aliongoza shule ya pale jirani miaka ishirini na sita, na mtaani hakuna mtu chini ya miaka arobaini na tano aliyekatiza mbele yake bila kuangalia kola yake kwanza. Gari hili alilinunua mwaka alioanza kazi. Alipostaafu watoto wake walimwambia aliuze. Akasema, "Kwanza nilivalishe upya, halafu tutazungumza."

"Shikamoo, Mwalimu," Binti Kioo alisema, sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu." Kisha macho yakahamia kwa Nyundo. "Na wewe. Simama vizuri."

Nyundo alisimama vizuri.

"Kucha."

Na mtu mzima yule, baba wa watoto watatu, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Kama kawaida yako," Mwalimu alisema. "Gari langu liko wapi?"

"Linaoga, Mwalimu," Nyundo alisema.

"Linaoga."

"Ndiyo. Si vizuri kulichungulia."

Binti Kioo alitamani sakafu ifunguke. Lakini Mwalimu hakucheka, wala hakukasirika. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya makopo ya rangi, akalitazama lile shuka, akatazama maji mekundu yaliyokuwa bado yanadondoka chini yake, tone, tone, kwenye sakafu ya saruji.

"Sikuja kuchukua gari," alisema. "Nilipigiwa simu. Niliambiwa nije saa saba, niingie bila kubisha hodi, nione nani anafanya kazi humu."

Binti Kioo alisogea mbele ya shuka.

"Umeambiwa na nani?"

"Na mimi," ilijibu sauti mlangoni.

Mzee Kioo alikuwa amesimama langoni, kofia kichwani, kiganja kimeegemea mwimo. Hakuwa na alama ya usingizi usoni. Hakuwa ametoka nyumbani.

"Baba! Mbona... si umekwenda kula?"

"Nimekula."

"Wapi?"

"Hapo nyuma, kwa fundi cherehani." Alianza kutembea, mkono mmoja ukifuata ukuta. "Asubuhi nabeba chakula chako kwenye mfuko, tunakula naye. Anasema unazidisha chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu gari la pili, mama."

Alimwita mama, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto. Binti Kioo akahesabu upesi. Gari la pili! Kwa hiyo magari kumi yote yale, saa zote zile, alikuwa ng'ambo ya ukuta?

"Ukuta ule ni wa bati," Mzee alisema, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Na bati haliwezi kutunza siri. Nilikuwa nasikia msasa wako. Mkavu unalia, wenye maji unanong'ona. Nikajua unaanza na msasa namba elfu moja mia tano. Nikajua unapohamia elfu mbili, ulio laini zaidi. Nikasikia mashine. Nikamsikia na huyu mlinzi wako anavyoimba."

"Naimba vizuri," Nyundo alisema kwa unyonge.

"Toa shuka."

Hakuna aliyetoa. Mzee akalitoa mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya boneti iliyolowa, akakipitisha polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa homa. Kushoto. Katikati. Kidole cha shahada kikasimama.

"Hapa."

Binti Kioo aliinamisha kichwa.

"Maji yaligeuka?"

"Yaligeuka, baba."

"Mekundu?"

"Mekundu."

"Ulikwenda mara ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Nilidhani utafika kumi na tano. Basi niliipiga nyembamba kuliko nilivyokusudia."

Mwalimu alivaa miwani yake.

"Ulikusudia?" Binti Kioo aliuliza.

"Kliya hupigwa mikono mitatu," Mzee alisema. Mkono, kwa mafundi wa rangi, ni mpulizo mmoja kamili, kutoka ncha hadi ncha. "Mitatu inatosha gari lolote. Lakini tangu siku niliyokusikia, nilipiga minne. Magari yote yale. Mkono wa nne ulikuwa wako, wa kusugua. Nilisema, kama mwanangu anaharibu mikono yake kwa ajili yangu, angalau asitoboe."

"Na hili?"

"Boneti ya hili nimeipiga miwili."

"Kwa nini, baba?"

"Ili usiweze kunifichia tena."

Msomaji, Binti Kioo hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Wala siku ile hakupandisha sana. Sauti ilitoka ndogo vile vile, ila ilikuwa inatetemeka kama bati wakati wa mvua.

"Ulijua. Ulijua, ukaniacha. Miezi saba nakula nimesimama. Jioni nikifika nyumbani siwezi kushika kijiko. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua kitambulisho, mashine ikakataa kusoma vidole vyangu. Vyote kumi! Karani akaniuliza kama mimi ni mtu. Nikarudi nyumbani, sikukwambia. Ningekwambiaje? Ungeniuliza vimeisha kwa kazi gani."

"Nipe mkono."

"Sitaki."

"Nipe, mama."

Akampa. Mzee Kioo alishika ncha za vidole vyake, akazipapasa kwa dole gumba, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na mistari. Palikuwa laini kabisa, kama kliya iliyokwisha kupigwa polishi.

"Niliogopa," alisema mwisho. "Si kisu. Niliogopa kulala pale nikaamka giza, kabla sijaaga kazi. Kila gari lilipoisha nilisema, moja tena, halafu naenda. Moja tena tu. Na kila nikisema moja tena, wewe unanipa. Umenipa moja tena mara kumi na moja, mwanangu. Mtu mwoga akipewa, atakataa?"

Binti Kioo alilia basi. Alilia bila sauti, kama wanavyolia watu ambao hawataki kumsumbua mtu.

"Nilikuwa nakufichia aibu," alisema.

"Najua. Na mimi nilikuwa nakufichia kwamba najua. Tazama tulivyochoka wote wawili."

Nyundo alipenga kamasi kwa kishindo ndani ya kitambaa kilicholowa thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, akaanza kukohoa.

Mwalimu akagonga meza kwa kidole. Wote watatu wakageuka.

"Kwa hiyo," alisema, "mmetumia gari langu kama ubao wa kufanyia hesabu zenu za nyumbani."

"Samahani sana, Mwalimu," Binti Kioo alianza. "Tutali..."

"Sijamaliza." Alitembea kulizunguka gari. Alipitisha kitambaa cheupe juu ya madigadi ya mbele, akakitazama. Akainama kuchungulia mlango. "Hapa nani kamaliza?"

"Mimi, Mwalimu. Jana."

"Na hapa?"

"Mimi."

"Hapa je, kwenye nguzo ya mlango?"

"Hapo ni baba. Hapo palitoka vizuri."

Mzee Kioo alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Nimefundisha miaka mingi," Mwalimu alisema. "Nimeona watoto wakifanyiana mitihani. Anayefanyiwa hajui, na anayefanya hapati cheti. Mzee, nafasi yako ya hospitali ni kesho saa mbili asubuhi. Nimeiomba mwenyewe. Daktari yule alikuwa mwanafunzi wangu, hawezi kunikatalia. Sasa mwambie binti yako lile sharti lako, maana mimi nimechoka kusimama."

Kesho! Binti Kioo alimgeukia baba yake. Neno alilolisubiri miezi saba lilikuwa limetamkwa, na mwenyewe hakuamini masikio yake.

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Boneti hii ikishapakwa upya."

"Lakini baba, macho yako..."

"Nani kasema naipaka mimi?"

Alikwenda kwenye kabati la chuma, akapapasa, akatoa kile kitu ambacho kwa miaka kumi na minne Binti Kioo alikiosha, alikifuta, alikining'iniza, na hakuwahi hata mara moja kukivuta kifyatulio chake. Bunduki ya rangi. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliomba ajaribu. Baba yake alimjibu, "Gereji moja, mkono mmoja." Hakuomba tena.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijawahi kufundishwa."

"Umefundishwa na nani kusugua?"

"Nimejifunza kwa makosa yako."

"Ehe." Mzee alimwekea bunduki kiganjani. "Umefuta makosa yangu magari kumi na moja. Unajua machozi hutoka wapi, vumbi hutoka wapi, ganda la chungwa hutoka wapi. Hakuna mtu katika mji huu anayeyajua makosa ya bunduki hii kuliko wewe. Sasa usiyafanye. Ndilo somo lote."

"Dada," Nyundo alinong'ona, "kama hutaki, mimi..."

"Wewe kaa chini," Mwalimu alisema, na Nyundo akakaa.

Kazi ikaanza.

Binti Kioo aliisugua boneti yote sasa, bila kuficha, bila saa ya ukutani kumfukuza. Aliiosha, akaikausha, akaifuta mafuta. Alining'iniza karatasi za plastiki kuzunguka gari, akamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Akafunga kitambaa kichwani, akavaa kinyago. Hakujua alichonacho ni woga au ni uchovu. Yawezekana hivyo viwili vilikuwa vimezoeana, vinatembea pamoja.

Kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, ilinguruma. Mzee alikaa kwenye kiti nje ya plastiki, kichwa ameinamisha, sikio moja limeelekea ndani.

Binti Kioo alivuta kifyatulio.

"Umekaribia mno," Mzee alisema kutoka nje. "Inasikika nzito. Rudi nyuma kiganja kimoja."

Akarudi.

"Sasa unakimbia. Unakimbilia wapi? Hakuna anayerudi saa nane leo."

Akapunguza.

"Usipinde kifundo. Mkono utulie, mwili ndio utembee."

Akatembea. Kutoka kushoto kwenda kulia, hatua moja, mbili, tatu, na ule ukungu mwekundu ukalala juu ya bati kama pumzi kwenye kioo. Alama ikafifia. Akarudi tena juu yake. Alama ikatoweka.

Mzee hakusema kitu.

"Baba? Nakosea?"

"Ukikosea utanisikia."

Rangi ikakauka. Ikaja zamu ya kliya. Mkono wa kwanza, mwepesi. Wakasubiri. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, wima, kama yuko ofisini. Mkono wa pili, mzito kidogo. Wakasubiri tena. Mara moja Binti Kioo aliona tone linataka kujikusanya pembeni, na kabla hajafikiri mkono wake ulikwishanyanyuka, maana tone lile alilijua. Alilisugua mara mia.

Mkono wa tatu. Alipomaliza alibaki ameshika bunduki, jasho linamwingia machoni.

"Nipige wa nne?"

"Wa nini?" Mzee alijibu. "Nyuma yako hakuna atakayesugua."

Akashusha bunduki.

Akafungua plastiki.

Nyundo ndiye aliyefika kwanza. Aliinama juu ya boneti, mikono nyuma, kama alivyoagizwa na Mwalimu. Ndani ya wekundu ule zilionekana boriti zote za paa, na misumari yake, na nyaya, na uso wa mtu mwenye vumbi kwenye nyusi.

"Kumbe mimi mzuri hivi," alisema.

"Usipumulie kazi ya watu," Mwalimu alisema. Akaja naye. Akatazama. Alitazama muda mrefu, kutoka upande huu, kisha upande ule. Hakutoa kitambaa chake cheupe. Mwisho akavua miwani. "Mwanangu," alisema, "hii hairudiwi."

Binti Kioo hakujua uso wake ufanye nini. Miguu ilikuwa inamuuma, mgongo unamuuma, na chini ya maumivu yote yale kulikuwa na kitu kidogo, cha moto, ambacho hakukijua jina. Alitaka jambo moja tu. Alitaka aone uso wa baba yake atakapoitazama.

"Baba, njoo."

Mzee Kioo aliinuka. Alikuja polepole, mkono mmoja mbele, akapita kwenye plastiki, akasimama juu ya boneti. Binti alimshika kiwiko ili asiiguse, kwani ilikuwa bado mbichi.

"Mbona kimya?" Mzee aliuliza. "Imetokaje?"

"Tazama mwenyewe."

"Nitatazama. Nilisikia mkono wa tatu, nikajua umetoka sawa. Sikusikia kosa." Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshusha mzigo. "Washeni taa basi, nione."

Hakuna aliyesogea.

Juu ya boneti paa lilikuwa na bati la plastiki, lile linalopitisha mwanga. Ilikuwa saa kumi kasoro, na jua lilikuwa linaingia hapo kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo, linamwangukia Mzee Kioo kwenye kofia, kwenye mabega, kwenye macho yake mawili yaliyo wazi kabisa.

Nyundo alifungua mdomo. Tangu tumjue, ndiyo mara ya kwanza hakukutoka kitu.

Binti Kioo alitazama chini, ndani ya kliya aliyoipiga kwa mkono wake. Uso wa baba yake ulikuwemo, safi, bila doa, bila chozi hata moja. Na nyuma ya uso ule jua lilikuwa linawaka.

"Mama?" Mzee alisema, tabasamu bado lipo mdomoni. "Si nimesema muwashe taa?"